Mkanda wa Ndani

Katika Wizara yetu pale Manyoni, makao makuu ya Shirikisho, mtu akitaka jambo lisifanyike huunda kamati, na akitaka lifanyike bila kuulizwa maswali huomba maoni ya kisheria. Mimi ndiye niliyekuwa nikiombwa. Naitwa Yusta Mligo, Wakili wa Serikali Mwandamizi, mshauri wa masuala ya watumishi wa jeshi. Kwa miaka kumi na sita kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu wenye nyota mabegani kwamba sheria inaruhusu kile walichokwisha kukifanya tangu wiki iliyopita.

Jumatatu moja asubuhi aliingia ofisini kwangu Stafu Sajini Liganga, mtunza bohari, faili likiwa kwapani. Liganga ni mtu ambaye kwa miaka thelathini hajapoteza hata soksi ya serikali, na huhakikisha kila mtu anajua hivyo. Watu wa namna yake niliwadharau kuliko nilivyowadharau majenerali. Jenerali anapodanganya walau anajua anadanganya, lakini Liganga anaiamini fomu.

Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa gauni la kitenge na raba. Alisimama kikakamavu mno kwa mtu aliyevaa kitenge.

"Mheshimiwa wakili, nimeleta dokezo," alisema Liganga. "Kuna upungufu katika urejeshaji wa sare. Huyu ni Sajini Pendael Mrutu. Mkataba wake wa miaka kumi na miwili uliisha tarehe mbili mwezi uliopita. Amerejesha kofia mbili, buti jozi mbili, kombati nne, mkanda wa nje mmoja. Mkanda wa ndani hajarejesha."

"Andika kwamba ameupoteza."

"Hajaupoteza. Nimemkagua."

Sajini Mrutu akageuka, akashusha ukosi wa gauni kwa kidole. Kwenye kisogo, chini kidogo ya nywele, palikuwa na kidude cha chuma, ukubwa wa kifungo cha shati. Kutoka hapo, ngozi ilikuwa imeinuka kwa mistari myembamba iliyoshuka kufuata uti wa mgongo hadi ilipozibwa na nguo.

"Uko hapa, mama," alisema. "Daktari wa kambi amesema ukivutwa utatoka na mishipa ya fahamu. Miguu nitabaki nayo, ila haitanijua tena."

"Na usipovutwa?"

Liganga alijibu kwa niaba yake. "Basi hajarejesha sare. Kwa kanuni ya tisini na moja, asiyerejesha sare simpi cheti cha kutoka, na asiye na cheti bado ni askari. Kanuni sikuitunga mimi, mheshimiwa. Wala sikusema mimi kwamba ule ni mkanda."

Hakuendelea. Alikuwa na adabu ya kutomtaja aliyesema. Ila alikuwa ameiweka karatasi yenyewe kama folio ya kwanza ndani ya faili, na sahihi ya chini ilikuwa yangu.

*

Karatasi hiyo niliiandika miaka minne na ushei iliyopita, kati ya saa tano na nusu na chakula cha mchana.

Wizara ilikuwa imenunua nyuzi nyembamba kuliko za cherehani, za kulazwa chini ya ngozi kando ya uti wa mgongo. Ofisa ambaye sauti yake imesajiliwa husema neno "amri", kisha anachotaka, na mwili wa askari hutenda kabla kichwa hakijaulizwa. Askari akichoka, miguu inaendelea. Akiogopa, mikono haitetemeki. Na kila mara kabla ya kutenda, zile nyuzi huuliza Daftari la Utumishi, mashine iliyowekwa chini ya jengo letu: huyu ni wetu, na amri hii ni halali? Daftari likijibu ndiyo, mwili unatii. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Sheria ya tiba inakataza kumpasua mtu bila ridhaa yake, na kuibadilisha kulihitaji kwenda bungeni, ambako kuna watu wanaosoma. Katibu Mkuu, Dakta Evarist Rwegoshora, akaniita.

"Dada Yusta, tunahitaji jibu," aliniambia, "na jibu liwe ndiyo."

Nikafungua kanuni za jeshi, kifungu cha kumi na nne. Sare ni "kofia, buti, mkanda, na vazi jingine lolote analopewa askari kwa ajili ya kazi yake." Hakuna anayemwomba askari ridhaa ya kuvaa buti. Basi zile nyuzi nikaziita mkanda wa ndani. Jina ni langu, na niliona nimefanya ujanja wa hali ya juu. Nilijua fika kwamba kitu kinachotiwa mwilini kwa kisu si vazi. Mtoto wa chekechea angejua. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, nikaenda kula wali na maharage, na nilipomaliza kunawa mikono nilikuwa nimeshasahau.

Mwezi uliofuata nikapandishwa mshahara, nikapewa ofisi yenye dirisha. Askari elfu kumi na moja wakavishwa, wale tu waliokuwa na miaka minne au zaidi mbele yao, ili vifaa visiende bure. Maofisa hawakuvishwa. Ghafla wote walikuwa na matatizo ya mgongo, na vyeti vya daktari walikuwa navyo.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, mimi nikiwa wa kwanza, ni kwamba sare ni mali ya serikali na siku ya kuondoka hurudishwa. Kila askari wa Shirikisho analijua hilo tangu juma la kwanza la mafunzo. Sisi wenye digrii tatu tatu hatukulijua.

*

"Ukiondoka utakwenda wapi?" nilimuuliza Sajini Mrutu. Liganga alikuwa amekwenda masijala kufuatilia muhuri.

"Same, mama. Milimani huko. Kaka yangu analima tangawizi."

"Jeshini si unakula, unalala, unatibiwa?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama inafaa kupoteza maneno. "Siku ya kuvishwa, mimi nilikuwa wa kwanza kikosini kwetu. Wa pili alikuwa Koplo Zainabu Mkoko, tulikuwa tunalala kitanda cha juu na chini. Zainabu akakataa. Afande akasema, amri, mshike. Mikono yangu ikamshika. Mdomo ulikuwa bado wangu, kwa hiyo nikawa namwomba msamaha, na mikono inazidi kubana. Nilimvunja kidole. Wakamvisha hivyo hivyo nimemshika."

"Yuko wapi sasa?"

"Kambini. Mkataba wake unaisha baada ya miezi mitano. Hajanisemesha tangu siku ile, na simlaumu." Akaurekebisha ukosi wake. "Nataka kuamka siku moja nisimame kwa sababu nimetaka kusimama. Tangawizi ni kisingizio tu."

Niliona aibu, na aibu ni kitu nilichokuwa nimekizoea kukiona kwa watu wengine tu.

*

Jumatano Katibu Mkuu aliitisha kikao. Tulikuwa yeye, Brigadia Nyansaho wa utumishi, mimi, na sinia la sambusa. Sajini Mrutu aliletwa asimame pembeni, kwa sababu Brigadia alitaka "kielelezo".

Nilidhani nimewaletea balaa. Nilieleza kwamba tumejifunga wenyewe, kwamba askari wa kwanza amemaliza mkataba na hawezi kuondoka, na nyuma yake wako elfu kumi na moja. Rwegoshora alisikiliza huku akifuta vidole. Kisha uso wake ukachanua.

"Hebu subiri. Asiyerejesha sare hajaondoka jeshini. Na hawa hawawezi kurejesha." Alimgeukia Brigadia. "Afande, unaona alichotufanyia huyu dada? Ametupa jeshi lisilostaafu. Bila muswada, bila bunge, bila kelele."

"Nilisema tangu mwanzo Bi Mligo ana kichwa," alisema Brigadia, ambaye tangu mwanzo hakuwahi kunikumbuka jina. "Na ni watu wazuri. Angalia. Amri, Sajini, inua mkono wa kulia."

Mkono wa Sajini Mrutu ukapanda. Brigadia akaridhika, akachukua sambusa nyingine, wakaendelea na mazungumzo. Waliongea habari za ikama, hesabu ya askari wanaotakiwa, wakaongea habari za paa la ukumbi mpya, wakabishana kidogo kuhusu nani atakata utepe. Mkono ulikuwa bado juu. Hawakuuacha juu kwa ukatili. Walisahau tu. Jasho lilikuwa likimtoka Sajini kwenye nywele na kuteremka hadi kidevuni, na hakuweza kulifuta.

"Afande, mkono," nilisema.

"Eh? Aa. Amri, shusha."

Rwegoshora alinipa hadi Ijumaa saa nne. Nilitakiwa kuandika maoni mapya, mafupi, ya kusema kwamba asiyeweza kurejesha mkanda wa ndani anahesabiwa kuwa kazini hadi atakapoweza. Maoni hayo yangefika moja kwa moja kwenye Daftari. Hilo nalo ni la kwetu. Shirikisho lilichoka na kesi, likaamua kwamba maoni ya Wakili Mwandamizi, yakishawekwa dole gumba, Daftari liyasome na kuyatekeleza papo hapo, mpaka mawakili wengine watatu waketi pamoja na kuyatengua. Wiki hiyo watatu hao mmoja alikuwa likizo ya uzazi, na wawili walikuwa Bagamoyo kwenye warsha ya maadili ya utumishi wa umma. Warsha ilikuwa ya wiki tatu.

*

Alhamisi nilikwenda bohari. Nilikuwa nimepata njia, na nilijipongeza njia nzima kutoka ofisini.

"Stafu," nilimwambia Liganga, "buti likichakaa mnalifanyaje?"

"Linajaziwa fomu ya vifaa chakavu. Bodi inapitisha. Linafutwa kwenye leja, na askari hadaiwi tena."

"Basi mkanda wa ndani wa Sajini Mrutu umechakaa."

Jambo ambalo sikulitegemea, Liganga akavuta droo na kuitoa fomu. Alikuwa ameshaijaza. Ilikuwa na tarehe ya Jumanne. Nikagundua kwamba mtu niliyemwona kipande cha fomu alikuwa amefika pale siku mbili kabla yangu, tena bila digrii.

Sajini alikuwa amekaa juu ya kreti tupu la risasi. Aliisoma fomu yote, mbele na nyuma.

"Inasema mgongo wangu ni takataka," alisema. "Sawa, hilo naliweza. Na Zainabu?"

"Tutajaza na ya kwake."

Liganga akakohoa. "Mheshimiwa, tusidanganyane. Mmoja atapita. Wawili, labda. Bodi ikiona mikanda mitano imechakaa inaagiza uchunguzi, na mlango unafungwa."

"Mmoja ni bora kuliko hakuna," nilisema. Nilisikia jinsi nilivyolisema, kwa sauti ya kikaoni.

Sajini Mrutu aliikunja fomu mara mbili, akamrudishia Liganga kwa heshima. Kisha akanigeukia bila hasira yoyote, na afadhali angekuwa nayo. "Mama, wewe ulituvisha wote kwa karatasi moja. Kwa nini kutuvua iwe mmoja mmoja?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa linanihusu mimi tu.

Wakili anaweza kuyafuta maoni yake mwenyewe kwa njia mbili. Akisema alipitiwa, Daftari hutoa siku tisini za kurekebisha. Ndani ya siku tisini Rwegoshora angekuwa amepata wakili mwingine mwenye njaa ya dirisha, na Manyoni hawakosekani. Lakini akisema aliandika uongo huku akijua ni uongo, maoni yale hufa tangu siku yalipozaliwa, na kila kilichojengwa juu yake hufa siku hiyo hiyo. Hakuna siku tisini. Kuna kifungu cha arobaini na mbili, ambacho mimi mwenyewe niliwafundisha mawakili wapya kwa kucheka cheka, nikiwaambia hakijawahi kutumika kwa sababu hajawahi kupatikana mjinga wa kukiri. Adhabu yake ni kifungo cha miaka saba.

Niliogopa. Nataka lijulikane hivyo, kwa sababu wapo watakaosema nilikuwa jasiri. Nilikaa garini mchana ule, kiyoyozi kikinguruma, nikitafuta njia ya tatu. Mtu mwenye akili kama zangu hupata njia ya tatu siku zote, na ndiyo maana nchi iko hivi ilivyo. Nilizipata nne. Kila moja ilimwacha Zainabu Mkoko kambini na mikono isiyo yake.

*

Ijumaa saa nne kamili nilikuwa mbele yao. Sambusa zilikuwepo. Sajini Mrutu alisimama palepale pembeni, safari hii akiwa na kombati za kuazima, kwa sababu Brigadia alikuwa amechukizwa na kitenge. Mlangoni walisimama askari wawili wenye bunduki, mmoja akiwa lansi koplo mnene wa makamo, mwingine kijana wa kike mwenye kovu shavuni.

"Soma tu hitimisho," alisema Rwegoshora. "Tuna wageni saa tano."

Nikasoma hitimisho.

"Mkanda wa ndani si sare na haujawahi kuwa sare. Ni kifaa kilichotiwa katika miili ya watu bila ridhaa yao. Amri ipitayo ndani yake si halali, na Daftari lisiitambue. Waliomaliza mikataba wameondoka. Ambao hawajamaliza wanabaki askari, na watatii kama askari wengine duniani, kwa masikio. Maoni yangu ya miaka minne iliyopita yalikuwa uongo, na nilipoyaandika nilijua."

Rwegoshora alitabasamu, tabasamu la mtu anayemsubiri mwenzake amalize utani. "Umechoka, dada Yusta. Acha hiyo karatasi hapo, nenda nyumbani ukapumzike. Masijala hawataipa namba, na karatasi isiyo na namba haipo."

"Nimeshaweka dole," nilisema. "Dakika tatu kabla ya kuingia. Masijala watatoa namba wakitaka."

Alielewa kabla ya Brigadia. Alielewa na akaanza kupiga simu Bagamoyo, na nikamsikia akimuuliza mtu kwa sauti nyembamba warsha inaisha saa ngapi.

Brigadia Nyansaho alisimama. Alininyooshea kidole, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. "Amri. Mkamateni huyu mwanamke."

Hakuna aliyetikisika.

"Amri," alirudia kwa nguvu zaidi. "Mkamateni."

Yule kijana mwenye kovu aliutazama mkono wake wa kushoto. Aliufumba, akaufumbua, akaufumba tena, taratibu, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Sijawahi kumwona mtu mzima akishangaa kama Brigadia alivyoshangaa wakati ule. Kwa miaka minne hakuwahi kulisema jambo mara mbili, na sasa alionekana hajui mara ya tatu huwa inasemwaje.

Sajini Mrutu ndiye aliyetembea kwanza. Hakupiga saluti. Alipita kati ya meza na dirisha, akafungua kifungo cha juu cha kombati iliyokuwa inambana, na alipofika kwangu akasimama. Nilidhani ataniambia asante. Nilikuwa hata nimeshaandaa uso wa kuipokea.

"Nakwenda kambini kumwona Zainabu," alisema. "Nimwambie kabla hajasikia kwa mwingine." Akatoka, na hakuna aliyemzuia.

Lansi koplo mnene alikuwa bado mlangoni. Alikuwa anafikiri. Ilionekana dhahiri kwamba anafikiri, kama inavyoonekana mtu anapobeba gunia. Mwishowe akamgeukia Brigadia.

"Kwa kosa gani, afande?"

Brigadia hakuwa na kosa la kutaja. Hakuwahi kuhitaji kuwa nalo.

"Kifungu cha arobaini na mbili," nilimsaidia, kwa sababu kusaidia ndiyo kazi yangu. "Kutoa maoni ya uongo kwa kujua. Nimekiri kwa maandishi, ukurasa wa pili."

Lansi koplo akaja mezani, akachukua karatasi, akausoma ukurasa wa pili. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika chini alirudi juu akasoma tena. Brigadia alijaribu kusema kitu, naye akainua kidole kumwomba asubiri, na Brigadia wa jeshi la Shirikisho akasubiri.

"Ni wewe uliyeandika hii, na ile ya kwanza pia ni wewe?"

"Ni mimi, zote mbili."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Akaegemeza bunduki yake ukutani na kunishika mkono juu kidogo ya kiwiko, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika kwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye viatu vya kisigino.

"Twende, mama," alisema. "Na uelewe vizuri. Sikukamati kwa sababu huyu kaniambia. Siku ya kuvishwa, mimi nilikuwa namba elfu nne na kumi na sita."